Kosa Halikuwa la Mdogo Wangu

Mimi ni mwalimu wenu wa sayansi hapa Lobule. Mwezi huu nawaeleza jambo lililonipata likizoni, na kwangu ni la aibu kidogo.

Mdogo wangu wa kike anafanya kazi katika mkahawa mmoja mjini Arua. Pale kuna mashine ya kahawa ya espreso yenye vichwa viwili vya kutolea kahawa. Mwenzake wa zamani anatumia cha kulia, yeye cha kushoto. Bosi akaanza kumlaumu: kahawa yako chachu, ukiendelea hivi utarudi kambini. Akanipigia simu analia, akasema, "Kaka, ni upande huu wa kushoto tu." Mimi nikamkata: "Jifunze kazi, usitutie aibu."

Likizo ikanikuta Onduparaka kwa mjomba wetu, ambaye ni fundi. Mashine ile ikaletwa kwake. Akaiwasha, tukangoja, akaniambia nisogeze mkono. Kichwa cha kulia kilikuwa moto haukaribiki. Cha kushoto, vuguvugu tu.

Akaizima, tukaiacha ipoe na mvuke uishe kabisa, maana ndani ya boila joto linafika kama nyuzi 120. Ndipo tukafungua.

Mimi nilidhani maji ya kahawa yanatoka ndani ya boila moja kwa moja. Kumbe sivyo. Boila ile ina maji chini na mvuke juu, na katikati limepita bomba la shaba lenye maji yake mengine. Hayo ndiyo ya kahawa. Yanapata joto bila kuchanganyika na yale ya boila. Kutoka hapo, mabomba mawili membamba yanakwenda kwenye kila kichwa. La juu linapeleka maji ya moto, kichwa kinapata joto, halafu maji yaliyopoa yanashuka kwa bomba la chini, yanarudi kupashwa tena. Yanazunguka yenyewe, bila pampu. Kampuni ya Faema ya Italia ilitumia mpango huo katika mashine yake ya E61, mwaka 1961, na mpaka leo unatumika.

Basi, bomba la juu la kushoto lilikuwa limeziba kwa ukoga mweupe, kama ule wa ndani ya birika zetu.

"Mbona kahawa ilikuwa inatoka?" nikauliza.

"Wakati wa kutoa kahawa pampu inasukuma kwa nguvu, maji yanapenya," mjomba akajibu. "Ule mzunguko wenyewe hauna nguvu hiyo, unasimama. Kichwa kinapoa, kahawa inatoka chachu."

Nikanyamaza. Maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka: naandika hayo ubaoni kila mwaka!

Tukasafisha mabomba kwa asidi, tukasuuza vizuri, tukafunga gasketi mpya. Mdogo wangu bado yuko kazini. Bosi hakusema kitu. Mimi nilimwomba msamaha.

Wazazi wangu, mtoto akilaumiwa kazini au shuleni, tumuulize kwanza ameona nini. Wangu alikuwa ameshaniambia.