Nashville: nyumba ya sala iliyofungulia gitare mlango



Katika miji yetu ya mukuba mabishano haya hayaishi. Vijana wanaleta gitare ku kanisa, na mzee mmoja anasimama: «Ile ni kitu ya baa, haiko ya kanisa.» Kijana anajibu: «Lakini, baba, Daudi hakupiga kinubi?» Na kila mmoja anarudi kwake na hasira.

Leo tusafiri mbali, mpaka Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee katika Marekani. Tuone nyumba moja iliyoishi na mabishano hayo zaidi ya miaka mia moja. Ilijengwa kwa ajili ya mahubiri. Lakini watu wengi ulimwenguni wanaijua juu ya waimbaji wa kantri, yaani nyimbo za watu wa mashambani na wa migodi. Jina lake ni Ryman Auditorium.

TUFIKE MLANGONI

Ukitoka kando ya mto Cumberland, pandisha barabara ya Broadway. Baa ziko huku na huku, na gitare zinasikika mchana kweupe. Kisha geuka kuume. Barabara hii iliitwa zamani Fifth Avenue. Tangu 2021 sehemu yake inaitwa kwa jina la John Lewis. Mwaka 1960 alikuwa kijana mwanafunzi katika shule ya wahubiri hapo Nashville. Yeye na wenzake weusi walikuwa wakiingia katika maduka ya mji huo, wanaketi mezani ambapo mtu mweusi hakupewa chakula, na wanangoja kwa amani. Walitukanwa, walipigwa, walifungwa. Weka habari hiyo moyoni, tutairudilia.

Sasa tazama nyumba yenyewe: matofali mekundu, paa kali, madirisha yenye ncha juu sawa ya kanisa za zamani. Ingia ndani. Hakuna kiti cha peke yako. Kuna mabenchi ya mbao yaliyopindika nusu duara, chini na juu kwenye baraza. Watu zaidi ya 2,300 wanaenea. Umelipa tikiti ili umsikie mwimbaji, lakini unakaa sawa vile unavyokaa siku ya Mungu: bega kwa bega na jirani usiyemjua.

KAPITENI NA MHUBIRI

Mwenye kuijenga ni Thomas Ryman, kapiteni wa meli za mtoni, mtu wa makuta. Mwaka 1885 mhubiri wa Kimetodisti, Sam Jones, alifika Nashville na kuhubiri ndani ya hema. Inasimuliwa kwamba Ryman alikwenda pale kwa kucheka na kuharibu mkutano. Alitoka mtu mwingine. Akasema: mhubiri wa namna hii hastahili kuhubiri ndani ya hema. Akaanza kukusanya michango, na mwaka 1892 nyumba ilikwisha. Ilikula karibu dola 100,000. Aliiita Union Gospel Tabernacle, nyumba ya wakristo wote bila kuuliza wewe ni wa kanisa gani. Alipokufa mwaka 1904, ikapewa jina lake.

Lakini ninyi wazazi mnajua: kujenga ni jambo moja, kulipa madeni ni jingine. Nyumba ilibaki na deni. Basi wakaanza kuikodisha kwa wenye kutoa hotuba, wenye muziki, wenye michezo. Aliyeiokoa kwa kazi hiyo ni mwanamke mjane mwenye mtoto, Lula Naff. Alianza kama mwandishi wa barua, akafika kuwa msimamizi wa nyumba yote mpaka 1955. Aliandika jina lake «L. C. Naff», ili watu wa biashara wasijue mbele kwamba wanaandikiana na mwanamke. Akina mama, mumesikia?

JUMAMOSI MAGARIBI

Mwaka 1943 akaingia mpangaji mkubwa: Grand Ole Opry, muziki wa kila Jumamosi uliotangazwa na redio WSM. Matangazo hayo yalianza mwaka 1925, na nguvu ya redio hiyo ilifika mbali sana usiku. Mkulima, mchimba makaa ya mawe, mama aliyechoka na kufua, wote walisogea karibu na redio. Ilikaa ndani ya Ryman miaka 31.

Usifikiri ni anasa. Hapakuwa na mashini ya kuleta baridi. Wakati wa joto watu walijipepea kwa mikono. Vyumba vya kuvalia havikutosha, waimbaji walingoja zamu yao inje, katika kichochoro. Na upande wa pili wa kichochoro, mlango wa nyuma wa baa! Hatua chache tu kati ya benchi la sala na chupa.

BINTI WA MCHIMBAJI

Kati ya wote waliosimama pale, nataka umjue Loretta Lynn. Alizaliwa mwaka 1932 katika milima ya Kentucky, mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, na vumbi la shimo lilimharibu mapafu. Loretta aliolewa akiwa na miaka 15. Bwana yake alimnunulia gitare ya bei rahisi, dola 17, na akajifundisha mwenyewe nyumbani, watoto wanne wakimzunguka. Alipopata disiki yake ya kwanza mwaka 1960, bibi na bwana walipanda motokari, wakaenda redio moja kisha nyingine kuomba ipigwe, wakilala ndani ya motokari. Mwaka huohuo akasimama mbele ya mabenchi ya Ryman.

Aliimba nini? Maisha yake. Umaskini, mwanaume mlevi, uchovu wa mama. Mwaka 1970 alitoa wimbo kuhusu baba yake na nyumba yao ndogo, «Coal Miner's Daughter», maana yake Binti wa Mchimba Makaa. Hakuona haya kusema baba yangu aliingia shimoni. Alikufa 2022, mwenye miaka 90, na mpaka mwisho watu walimuita kwa jina la wimbo ule. Ninyi watoto wa wafanyakazi wa migodi, je, munaona haya mukiulizwa baba anafanya kazi gani?

Mwengine ni Charley Pride, mtoto wa walimaji wa pamba, mtu mweusi. Mbele ya kujulikana alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha madini huko East Helena, jimbo la Montana. Jioni alikwenda kuimba. Mwenye kuona mnara wa moshi wa Lubumbashi anaelewa kazi hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1967 alisimama pale Ryman, mbele ya watu karibu wote weupe, na wakamsikiliza.

TUSIFICHE KIVULI

Nyumba hiyo haikuwa mbinguni. Baraza ya juu ilijengwa mwaka 1897 kwa ajili ya mkutano wa askari wazee waliopigania majimbo ya utumwa, ikapewa jina lao. DeFord Bailey, mtu mweusi mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa mmoja wa nyota za kwanza za Opry. Mwaka 1941 walimfukuza, akaishi kwa kupangusa viatu vya watu. Mwaka 1974 ndipo walimkaribisha tena kupiga, humo Ryman. Ndiyo sababu nilikuomba uweke moyoni habari za John Lewis: waliosikia Neno la Mungu katika mji ule hawakulitenda wote.

Na pombe? Hank Williams aliingia mara ya kwanza Juni 1949, na watu wakamrudisha tena na tena jukwaani. Ndiye mwandishi wa «I Saw the Light», wimbo wa wokovu unaoimbwa mpaka leo katika kanisa nyingi. Lakini mwaka 1952 Opry ilimwondoa juu ya ulevi, na siku ya kwanza ya 1953 alikutwa amekufa ndani ya motokari, na miaka 29 tu. Mzee anayeogopa baa hasemi bure, vijana. Lakini angalieni vizuri: kilichomwua ni chupa. Gitare ndiyo iliyomtolea wimbo wa sala.

WALIPOTAKA KUIBOMOA

Machi 1974 Opry ilihamia nyumba mpya. Walikata kipande cha duara cha mbao za jukwaa la Ryman, wakakitia katika jukwaa jipya, ili kila mwimbaji akanyage pale wazee walipokanyaga. Na nyumba yenyewe? Wenye mali walifikiri kuibomoa. Watu wakakataa, wakaandika, wakapiga kelele. Ikaachwa, mavumbi yakaijaa. Mwaka 1991 mwimbaji Emmylou Harris aliimba humo siku tatu mbele ya watu kama 200 tu, maana baraza haikuwa salama tena. Disiki ya siku zile ikawakumbusha watu. Nyumba ikatengenezwa, na mwaka 1994 milango ikafunguliwa tena.

Ona: benchi ndilo lililookoa nyumba. Waliokaa juu yake wakasikiliza kweli, hawakusahau.

NA KWETU?

Sisi pia tuna wazee wa gitare. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Mtafiti Hugh Tracey alichukua sauti yake mwaka 1952 hapa Likasi, iliyoitwa Jadotville. Wimbo wake «Masanga» ukasikika duniani. Kule Kentucky, Merle Travis, mtoto wa mchimba makaa, alipiga vilevile kwa gumba na cha shahada, na mwaka 1946 aliandika «Sixteen Tons», wimbo wa mfanyakazi anayekula deni katika duka la kampuni. Nchi mbili za shimo, vidole viwili vilevile. Mwaka 1969 Bosco alivuka bahari akapiga katika mkutano mkubwa wa Newport, Marekani. Alikufa kwa ajali ya motokari mwaka 1990. Kijana, unaweza kutaja nyimbo zake tatu?

Wazee wengine wangali katika kartiye zetu, na nyimbo zao za kazi, za ndoa, za kilio. Wanapiga chini ya muembe ao mbele ya baa, kwa sababu hakuna mwingine aliyewapa benchi. Si lazima nyumba kubwa. Katika Marblehead, mji mdogo wa Massachusetts, watu wa kanisa moja walianza mwaka 1970 kufungulia waimbaji ukumbi wao magaribi. Kazi inafanywa na watu wa kujitolea. Taa, viti, chai, masikio.

Parokia zetu zina ukumbi. Si wakati wa misa, bali Jumamosi moja kwa mwezi, bila pombe. Mzee mmoja, gitare moja, watoto wameketi kimya. Ile iliyokuwa ya baa itakuwa na kwao kwingine.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni nani katika kartiye yetu anajua nyimbo za zamani za wafanyakazi? Nani atamwendea juma hili?
2. Wimbo unaosema ukweli juu ya maisha magumu, unaweza kuwa sala? Kwa nini?
3. Baba na mama, muliimba nini mulipokuwa vijana? Waimbieni watoto leo.