Polepole Zipo Nne

Daftari la mwanafunzi wangu mmoja lina ukurasa wa maneno ya Kiitaliano aliyotafsiriwa zamani, kabla hajaja kwangu. Largo: polepole. Adagio: polepole. Lento: polepole. Grave: polepole sana. Ukurasa msafi, mwandiko mzuri, na kwa mtihani wa kujaza nafasi zilizo wazi unatosha. Kwa kupiga piano hautoshi hata kidogo.

Sasa hivi tunafanya sehemu ya pili ya sonata ya Beethoven iitwayo Pathétique, iliyochapwa mwaka 1799. Sonata hiyo inafunguka kwa Grave, na sehemu yake ya pili ni Adagio cantabile. Kwa mujibu wa daftari, zote mbili ni polepole, tofauti ni "sana" tu. Binti akazipiga hivyohivyo, kama mtu mmoja aliyechoka asubuhi na jioni.

Grave ni -zito. Mama anayeshuka kutoka mashambani huku kwenye miteremko ya Meru na mkungu wa ndizi kichwani, anaelekea soko la Tengeru, haendi taratibu kwa kupenda. Mzigo ndio unaopanga hatua zake. Adagio ni jambo lingine kabisa. Neno lenyewe limetokana na ad agio, na Kiswahili chetu cha mtaani kina tafsiri yake tayari: kwa nafasi. "Njoo kwa nafasi yako." Ni mzee anayepita kila nyumba kusalimia, anaulizwa habari za watoto, anakalishwa, anaondoka akijisikia. Wote wawili wangechelewa kufika Tengeru, lakini huwezi kuwachanganya ukiwaona barabarani.

Halafu kuna cantabile. Kamusi nyingi zitakwambia "kwa kuimba", na mwanafunzi anabaki anashangaa aimbe vipi na vidole. Kumbe sarufi yetu inalibeba neno hili bila jasho: someka, pitika, imbika. Adagio cantabile: kwa nafasi, iimbike.

Najua kuna wenzangu wasiopenda mambo haya. Wanasema Kiitaliano ndicho kinachomuunganisha mpigaji wa Arusha na wa Tokyo, tukiacha kila mtu aandike kwake itakuwa vurugu. Sibishi sana, maneno yabaki yalipochapwa. Ila hata Beethoven mwenyewe alichoka nayo. Mwaka 1814, kwenye sonata yake ya Opus 90, aliandika maelekezo kwa Kijerumani, lugha yake. Mwaka 1817 akalalamika katika barua kwamba allegro maana yake ni uchangamfu, na mara nyingi muziki wenyewe uko mbali na uchangamfu wowote. Schumann naye alitumia Kijerumani, Debussy Kifaransa. Penseli ya Kiswahili juu ya mstari haijamkosea mtu heshima.

Binti huyu ana sababu yake ya kutaka kipande hiki. Bibi yake, aliyemlea, aliimba kwaya ya kanisa miaka mingi, sauti ya pili, na familia inaandaa ibada ya kumbukumbu nyumbani. Kule hakuna piano. Kuna kinanda cha umeme ambacho ukikigonga au ukikipapasa kinatoa sauti ileile. Cristofori wa Florence alihangaika, karibu mwaka 1700, kupata chombo kinachoweza piano na forte, na jina likabaki hapo. Sisi tumerudi nyuma yake kwa hatua moja. Na hapa mkono wa kulia unabeba wimbo pamoja na nota za kusindikiza. Zikilingana ukubwa, wimbo unazama.

Basi tukafunga kifuniko cha piano. Nikamwambia, "Mwanangu, imba kwanza." Akaimba kwa sol-fa, kama kwaya zetu zinavyojifunza. Alipoishiwa pumzi nikaweka alama ya penseli, na pale ndipo mkono unapoinuka. Nota za wimbo anazishikilia mpaka mwisho wake. Za kusindikiza anazigusa na kuziachia mapema. Sauti haikuongezeka, lakini wimbo ulijitokeza.

Yeye ndiye aliyeona kitu ambacho sikumwambia. Beethoven anauanza wimbo katikati ya kinanda, halafu anaurudia oktavu moja juu. "Mwalimu, hii ya kwanza ni sauti ya pili," akasema. "Ni ya bibi." Ile ya juu hajaamua ni ya nani.

Ibada ni Jumamosi. Nilimuuliza umeme ukikatika itakuwaje. Akasema shangazi zake wamemsikia akifanya mazoezi wiki nzima, na wameshaanza kuushika jikoni, wanagawana sauti.