Kitabu cha Miezi Minne: Kumchagulia Kijana Vitabu vya Likizo

Ndugu wanachuo, katika mafunzo ya ualimu twajifunza mengi juu ya kumfundisha mtoto kusoma, na machache juu ya kumchagulia cha kusoma. Andalio la somo lina nafasi ya shabaha, ya vifaa, ya hatua za somo na ya tathmini. Halina nafasi ya swali hili dogo: mtoto huyu atakapotoka darasani kwa mara ya mwisho, atakuwa na kitabu gani mkononi? Katika makala haya twataka kulishughulikia swali hilo, tukitumia mfano wa mahali tunapopafahamu, yaani Mamba, katika bonde la Rukwa, Mkoa wa Katavi.

Likizo iliyo ndefu kuliko zote

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa kwa miaka mingi ukifanyika mwezi wa Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati pana miezi minne hivi. Kwa mtu wa mjini huenda hiyo ikawa likizo tu. Kwa kijana wa Mamba ni njia panda. Septemba na Oktoba ni ukali wa kiangazi. Mto Katuma ulioko katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi hupungua hata viboko wakarundikana katika madimbwi machache yaliyosalia, na wachungaji huenda mbali na ng'ombe wao wakitafuta maji na majani. Mvua zianzapo, kila mkono huitwa shambani kwenye mahindi na mpunga. Kijana wa miaka 13 au 14 huwa amesimama katikati ya hayo yote: si mwanafunzi tena, wala si mtu mzima bado.

Hiki ndicho kipindi ambacho kazi yetu ya miaka yote iliyotangulia yaweza kumwagika kama maji ya mtungi uliopasuka. Nyumbani kijana husikia Kipimbwe, Kisukuma au Kifipa. Kiswahili cha kusomwa amekiacha shuleni pamoja na vitabu vya kiada alivyovirudisha. Duka liuzalo daftari na kalamu halikosekani. Liuzalo hadithi ni adimu. Na kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichozidi cha mikoa mingine yote. Hatudai kwamba kitabu cha hadithi huzuia mimba au ndoa za utotoni. Mambo hayo yana mizizi katika umaskini na mila, nayo yahitaji wazazi, sheria na shule. Twadai jambo dogo tu: msichana ajihesabuye bado kuwa msomaji, hujihesabu pia kuwa bado ana safari mbele yake.

Nchi yetu ina uzoefu katika jambo hili. Kampeni ya kufuta ujinga ya miaka ya 1970 iliteremsha idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi asilimia 39 hivi mwaka 1975. Lakini ilionekana mapema kwamba mtu aliyejifunza kusoma, kisha akakosa cha kusoma, huanza kusahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini. Funzo la watu wazima ndilo funzo la vijana: kusoma ni moto, nao huhitaji kuni.

Kuchagua kwa ajili ya msomaji

Mwalimu aombwapo kitabu cha likizo, mara nyingi mkono wake huenda upande mmoja kati ya pande mbili. Ama humpa kijana mitihani iliyopita, ama humpa kijitabu cha maonyo juu ya tabia njema. Vyote viwili vina mahali pake. Lakini mitihani humkumbusha kijana jambo alilokwisha kulimaliza, na maonyo amekwisha kuyasikia kwa wazazi, kwa viongozi wa dini na kwetu. Kitabu cha likizo hakina kengele wala kiranja wa kumlazimisha. Kinategemea nguvu moja tu, nayo ni hamu ya kujua yatokeayo mbele. Kitabu kisichokuwa na nguvu hiyo kitafunika chungu.

Sisi tumezoea kupima kitabu kwa vipimo vitatu, na twawashauri wanachuo wavijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Kwanza, kipimo cha ukurasa wa mwanzo. Msomee kijana ukurasa mmoja kwa sauti, kisha funika kitabu. Akikuuliza, "Halafu?", kitabu kinamfaa. Akinyamaza kwa adabu, weka kando, hata kama mwandishi ni mashuhuri.

Pili, kipimo cha vidole. Mwambie afungue ukurasa wa katikati na kuusoma kimyakimya, akikunja kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Mkono mmoja ukijaa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kitakuwa mzigo kwake peke yake nyumbani, ambako hakuna kamusi wala mwalimu.

Tatu, kipimo cha mazungumzo. Usimwulize kijana, "Wapenda vitabu gani?", maana huenda hajasoma vya kutosha kuweza kujibu. Mwulize ni masimulizi gani ya jioni ayapendayo nyumbani: ya hila, ya safari, ya kutisha, au ya watu waliodhulumiwa wakapata haki yao. Jibu lake ndilo orodha yako.

Vitabu vyenyewe

Kwa apendaye hila, Hekaya za Abunuwasi hazijapata mshindani. Ni fupi, kila moja yajitegemea, na mchungaji aweza kumaliza moja chini ya mti na kuwahi ng'ombe kabla hawajaingia shamba la watu. Kijana asomaye polepole aanzie hapa, kwa kuwa kumaliza ni ushindi, na aliyeshinda mara moja hutaka tena.

Kwa apendaye mafumbo, twampa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Wengi hukiogopa kitabu hiki kwa sababu jina la mwandishi limezoeleka katika vyumba vya mitihani. Hebu tazameni lakini jinsi kinavyomnasa msomaji: mtu mwema, mwenye sifa ya huruma, huwapiga manyani wawili kila usiku, na hakuna ajuaye kwa nini. Kijana gani ataweza kulala bila ya kujua sababu? Tulimwona mvulana mmoja wa jamii ya wafugaji, ambaye darasani hakuwa akimaliza ufahamu wa aya tatu, akikirudisha kitabu hicho pembe zake zikiwa zimejikunja na jalada likinuka moshi. Hakutueleza mafunzo yake. Alitueleza kwamba wale ndugu walistahili, kisha akasita, akauliza kama kweli walistahili. Tathmini bora kuliko hiyo hatuijui.

Kwa apendaye uchunguzi, yuko Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, chahusu mtu aliyekutwa ameuawa penye mzimu. Watu wanayo majibu tayari. Bwana Msa anayo maswali. Katika mkoa ambao vifo vingi husemwa kuwa vina mkono wa mtu asiyeonekana, kijana hupata hapa mfano wa akili idaiyo ushahidi. Tahadhari moja ni lugha: Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye maneno mengi yasiyosikika bondeni. Kipimo cha vidole kitumike, na kwa msomaji hodari tu kitabu kitolewe pamoja na karatasi ndogo yenye maana za maneno 20 au 30.

Kwa apendaye safari, tuna Siku Njema cha Ken Walibora, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1996, nacho chamfuata kijana wa Tanga, Kongowea Mswahili, aliyefiwa na mama yake, akivuka mpaka kwenda kumtafuta baba asiyemjua. Tuna pia Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, cha mwaka 2008, ambamo kutafutwa kwa marimba iliyoibwa humzungusha msomaji katika sehemu nyingi za Tanzania. Mtoto ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya kufika Mpanda, reli inakomsalimu kwa mara ya kwanza, hujifunza jiografia humo bila ya kuambiwa kuwa anajifunza.

Kwa msichana aliyekwisha kuambiwa kwamba amesoma vya kutosha, twapendekeza Wasifu wa Siti binti Saad, kazi nyingine ya Shaaban Robert. Hapa hakuna jambo la kubuniwa. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika umaskini, hakupata shule, lakini sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Kitabu ni kifupi, na mwendo wake ni wa taratibu, kwa hiyo kipimo cha ukurasa wa mwanzo hakikitendei haki. Mwalimu amsimulie kwanza msichana habari za safari ya Bombay, kisha amwache aisome njia iliyompeleka Siti huko.

Na Kiingereza je? Wazazi huuliza, na swali lao ni la haki, maana sekondari masomo mengi hufundishwa kwa lugha hiyo. Ushauri wetu ni kwamba hadithi ileile isomwe mara mbili. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, isomwe kwanza mpaka iishe. Kisha, mwishoni mwa likizo, kijana apewe Animal Farm cha George Orwell. Akijua tayari farasi yule atapatwa na nini, hatapotea katika kila sentensi, naye atastaajabu kwamba anaelewa.

Vitabu vya kungoja

Wako vijana watakaovipata wenyewe vitabu vya Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, vikiwa havina majalada. Tusikimbilie kuwanyang'anya kwa makelele. Ni dalili kwamba njaa ya kusoma ipo; tuwape chakula kinacholingana na umri wao. Hali kadhalika Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, kilipigwa marufuku kwa muda katika shule, kisha kikaja kuwa kitabu cha kufundishia sekondari. Nacho kingoje. Mwalimu ajue pia kwamba dhamana ni yake: mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu ilivikataza shuleni vitabu 16 vilivyoonekana kuwa kinyume cha maadili. Kwa hiyo tusigawe kitabu tusichokisoma wenyewe kutoka jalada hadi jalada.

Kuazima na kurudisha

Vitabu vya ziada shuleni ni vichache, na wengi wetu huvifungia kabatini ili visiharibike. Lakini kitabu kilichofungiwa kimekwisha kuharibika. Mchwa hawana likizo. Tuvijalidi kwa karatasi ya kaki, tuandike katika daftari la kuazimia jina la kijana na la mzazi wake, na tuwape vijana watatu wa kitongoji kimoja vitabu vitatu tofauti, wabadilishane kila baada ya wiki kadhaa. Hivyo vitabu vitatu huwa tisa.

Mzazi asisahauliwe. Mama mmoja alituuliza penye mlango wake, "Mwalimu, mtihani umekwisha. Kitabu hiki kitamsaidia nini, na mimi namtaka shambani?" Hatukubishana naye, maana shamba ndilo lilishalo nyumba. Tulimjibu, "Mama, kazi ni yako mchana. Sisi twaomba jioni tu, tena akusomee na wewe usikie." Alipokirudisha kitabu mwenyewe, aliuliza kama tunacho kingine cha Abunuwasi. Kusoma kwa sauti mbele ya nyumba hugeuza kitabu kutoka kuwa cha mtoto mvivu kikawa cha ukoo mzima, na kazi haionekani kuibiwa.

Kijana arudishapo kitabu, tusimtahini. Tumwulize mambo mawili tu: ni mahali gani hukuweza kukiweka chini, na ni nani ungempa akisome baada yako? Jibu la kwanza litatufundisha namna ya kumchagulia kitabu kijacho. La pili litatupa msomaji mwingine.

Katika wale wanaotoka mikononi mwetu kila Septemba, wako watakaoitwa kidato cha kwanza na wako watakaobaki. Hatuwezi kuwajua siku ile. Kwa sababu hiyo kitabu cha likizo tusimpe yule tu tunayemtazamia kufaulu. Atakayebaki ndiye mwenye haja nacho zaidi, kwa kuwa kwake likizo hiyo haitakuwa na mwisho. Basi, ndugu wanachuo, mkipangiwa kazi bondeni au kwingineko, fungueni kwanza kabati la vitabu. Someni vilivyomo. Kisha, kabla ya wiki ya mtihani, anzeni kuuliza kila kijana ni masimulizi gani ayapendayo jioni.