Betri ya boda boda na mtungi wa gesi

Kila nikigusia magari ya umeme, watu huniuliza swali lile lile: kuchaji kunachukua muda gani? Si swali baya, lakini wanaboda wengi wa umeme hapa Nairobi hawachaji kabisa. Mtu anafika kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka. Dakika chache tu. Linalonisumbua mimi ni jingine: hiyo betri ni ya nani, na inaingia kwenye pikipiki gani?

Tupige hesabu kwanza. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 inabeba karibu uniti 2.9 za stima, zile zile unazonunua kwa tokeni. Pikipiki ikila wati-saa 40 kwa kilomita, betri hiyo inakupeleka kama kilomita 70. Anayezunguka kilomita 150 kwa siku atatumia uniti 6 hivi. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya stima kwa vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo nchi haitumii stima nyingi, kabla ya kodi na tozo. Hata tozo zikiifanya bei hiyo ya 16 kuwa maradufu, hufiki shilingi 200. Safari hiyo hiyo kwa petroli, pikipiki ikienda kilomita 40 kwa lita, inataka karibu lita 4, na mwaka 2025 lita moja Nairobi ilikuwa zaidi ya shilingi 170.

Pengo hilo ndilo linalolipia kila kitu: vituo, betri za akiba, wafanyakazi, seva, na faida ya mwenye kampuni. Mwanaboda anapata kinachobaki.

Kwa nini asiwe na betri yake mwenyewe? Inawezekana. Roam, inayounda pikipiki hapa hapa Nairobi, ina betri unayoweza kuichomoa ukaichajia nyumbani kwenye soketi ya kawaida. Lakini betri ni sehemu kubwa ya bei. Ndiyo maana Ampersand, iliyoanzia Kigali, na Spiro, ambayo Rais Ruto aliizindulia pikipiki zake Mombasa Septemba 2023, zilichukua njia nyingine: nunua pikipiki, betri ibaki yetu, lipia kila ukibadilisha. Bei ya kununulia inashuka na betri ikichoka si shida yako. Mpango mzuri sana. Ila sasa una pikipiki ambayo bila kampuni hiyo haiendi popote.

Jamaa mmoja wa steji ya mtaani kwetu (sitaitaja kampuni yake) alinieleza yaliyompata Jumapili moja jioni, saa za pesa nzuri. Alifika kituoni akakuta kabati nzima inachaji, hakuna betri hata moja iliyojaa, na wenzake wamejipanga mbele yake. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha kampuni nyingine, betri zimejaa, taa za kijani anaziona kabisa. Hazimfai. Umbo tofauti, plagi tofauti, na hata kama ingeingia, kompyuta ya pikipiki ingeikataa. Alikaa pale saa mbili, huku mkopo wa pikipiki unalipwa kila siku, upate usipate.

Mkenya yeyote anayepikia gesi anaujua ugonjwa huu. Zamani kila kampuni ilikuwa na valvu yake. Duka lako likiishiwa na mtungi wa aina yako, unarudi kwa makaa. Kanuni za mwaka 2009 zikaleta valvu moja, na kampuni zikalazimika kupokea mitungi ya wenzao na kubadilishana. Tukafurahi. Halafu wakora wakaingia: mitungi ya wenyewe ikaanza kujazwa vichochoroni, uzito pungufu, ukaguzi hakuna, na ukilipuka jina lililoandikwa pale ni la kampuni ambayo haikuujaza. Kanuni za 2019 zikaondoa ule ulazima wa kubadilishana. Kampuni zikaachiwa zikubaliane zenyewe.

Kwa hiyo kampuni ya betri ikisema inaogopa kuchanganya betri zake na za jirani, si uchoyo mtupu. Betri ni ghali kuliko mtungi, na ikichajiwa vibaya au ikiachwa ipate joto kali, maisha yake yanapungua. Nani atalipa?

Hapa sasa ndipo naona kazi yetu sisi waandika programu. Mtungi ni bubu. Betri ya namna hii ina kompyuta ndogo ndani inayopima volti za seli, joto na mkondo, na inaweza kuhesabu imechajiwa mara ngapi. Ilipotoka kwangu ilikuwa na afya kiasi hiki, imerudi na kiasi hiki, tulipane tofauti. Kadi za benki zimekuwa zikifanya hesabu za namna hiyo miaka nenda miaka rudi. Bahati mbaya kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kukataa betri ya jirani.

Kwingine wameyaona haya. Better Place ilianzishwa mwaka 2007 na Shai Agassi, mtu wa programu aliyetoka SAP. Ikajenga vituo vya kubadilisha betri za magari Israeli na Denmark, lakini kampuni ya magari iliyoitengenezea gari ni Renault peke yake. Ikafilisika Mei 2013. Gogoro ya Taiwan ilianza kuuza skuta mwaka 2015, kisha ikaruhusu wengine, Yamaha wakiwemo, watengeneze skuta zinazotumia betri zake. Na mwaka 2021 Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, mahasimu wa miaka mingi, walikubaliana kuhusu viwango vya betri moja ya pikipiki kwa Japani.

Sisi pikipiki nyingi bado ni za petroli, kwa hiyo kuelewana kuhusu umbo, plagi na lugha ya betri ni rahisi leo kuliko baadaye. Bei na huduma washindane wanavyotaka.

Kama unataka kununua, muulize muuzaji jambo moja kabla hujaweka deposti: kampuni ikifunga, pikipiki hii itawaka kwa betri ya nani? Ukijibiwa kwa maandishi, nitumie nakala. Mimi nimejibiwa kwa mdomo tu.