Rangi Juu ya Uozo

Mwaka 2011, siku chache kabla ya harusi ya dada yangu, niliupaka rangi ya mafuta mlango wa mbele wa nyumba tuliyoachiwa na marehemu bibi yetu, Mji Mkongwe, Unguja. Mbao za mvule zilikuwa zimepauka kwa jua na kupasuka kwa mvua. Rangi ikang'aa, wageni wakasifu, nami nikazipokea sifa.

Mwezi uliopita nilimwita fundi aiondoe rangi hiyo, kwani ilikwisha kubanduka. Mzee yule akaudunga kwa patasi mwimo wa kushoto, chini kabisa, pale unapokutana na jiwe. Patasi ikazama kama katika mkate uliolowa.

"Mwanangu," aliniuliza, "nani aliyeufunika mlango huu?"

Nilinyamaza kitambo kabla ya kujibu.

Alinieleza kwa upole. Mti, hata ukishachongwa kuwa mlango, hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka katika kuta za mawe na chokaa. Mbao iliyopakwa mafuta mepesi huuachia ukauke, ilhali tabaka nene la rangi huufungia ndani. Nilichokidhani kuwa matunzo kilikuwa ndicho maangamizi.

Kazi ilichukua siku 12. Aliikwangua rangi kwa mkono asije akaiharibu nakshi, akakata palipooza, akaunga kipande kipya cha mvule, kisha akaupaka mlango mafuta. Kiungo kinaonekana wazi. Nilimwomba akifiche, akakataa: atakayekuja kuutengeneza baada yetu, alisema, ajue wapi pa kuangalia.

Ndugu msomaji, ni mimi huyu ninayewalaumu watawala kila muhula kwa kupaka kuta chokaa kiongozi anapotarajiwa kuzuru. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Niliandika kwa hasira juu ya uzembe. Wakati huohuo mlango wa bibi yangu ulikuwa ukioza chini ya rangi yangu mwenyewe.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia tuuzibe kwa rangi.

Ijumaa dada yangu alikuja, akauliza mbona mlango una kiraka. Nikamketisha barazani, nikamweleza yote, kuanzia siku ya harusi yake.