Onesha Njia

Mpendwa mwanafunzi, kabla hujaanza maswali ya mada ya umeme, nisikilize kidogo. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, na kosa nitakalokusimulia nililifanya mwenyewe.

Kila likizo husafiri kwa pikipiki kutoka Iringa hadi Morogoro kumjulia hali mama yangu. Njia hiyo hushuka mlima Kitonga wenye kona kali, kisha hukatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako wanyama huvuka barabara. Usiku, taa moja ya mbele haikunitosha. Nikanunua taa mbili za ziada, kila moja ya wati 48, nikazifunga chini ya usukani na kuunganisha waya wake kwenye waya wa taa kubwa. Niliziwasha uani kwa sekunde chache, zikang'aa, nikaridhika.

Usiku wa safari niliziwasha nilipoanza kuteremka Kitonga. Muda mfupi baadaye kila kitu kikazimika: taa kubwa, taa za ziada, hata taa nyekundu ya nyuma. Mbele yangu palikuwa giza tupu, na nyuma nilisikia lori likishuka. Nilifunga breki, nikaisukuma pikipiki hadi ukingoni, nikapunga simu yenye tochi. Lori lilipita karibu mno, upepo wake ukanitikisa.

Fyuzi ilikuwa imeungua. Nikaweka ya akiba, nikaacha taa za ziada zimezimwa, nikaendelea polepole.

Nilipofika kwa mama nilichukua karatasi na kufanya hesabu ambayo ningemdai mwanafunzi yeyote. Taa kubwa ni wati 60, taa mbili za ziada ni wati 96, taa ya nyuma na za dashibodi ni wati 12. Jumla ni wati 168. Mkondo ni wati kugawanya kwa volti: 168 ÷ 12 = ampea 14. Fyuzi yangu ilikuwa ya ampea 10. Haikuharibika bure, ilijitoa mhanga ili waya zisiungue.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nimesahihisha madaftari na kuandika kwa wino mwekundu, "Onesha njia." Kanuni niliijua kwa moyo, lakini yangu sikuionesha.

Safari hii nilichora sakiti kwanza. Waya mnene unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi yake yenyewe, kisha kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na mkondo mdogo ili kupitisha mkondo mkubwa. Waya wa taa kubwa sasa unaiamsha rilei tu. Nilihakikisha pia kwamba jenereta ya pikipiki inamudu mzigo wote, na nikainamisha taa zisiwapofushe wanaokuja mbele.

Kwa hiyo usiseme swali hili ni la mtihani tu. Kalamu ikikosea, unapoteza alama. Waya ukikosea, huenda hakuna wa kukusahihisha.

Sasa chukua karatasi. Kama kila taa ya ziada ingekuwa ya wati 18, na nyingine zote zibaki zilivyo, je, ile fyuzi ya ampea 10 ingevumilia? Usiandike "ndiyo" au "hapana" pekee. Onesha njia.