Kasha Dogo na Moto Wake

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hii yaafiki mno hali ya tarakilishi ndogo. Tangu kampuni ya VIA ya Taiwan ilipobuni bodi mama ya Mini-ITX mwaka 2001, yenye sentimita 17 kila upande, wapenzi wa tarakilishi wamekuwa wakizisonganisha sehemu zenye joto kali ndani ya kasha linalotosha kwenye kijimeza cha bweni.

Wengi hulinunua kasha kwanza, kisha wakaanza kutafuta mfumo wa maji wa kulipoza. Huko ni kushona kanzu kabla ya kumpima mvaaji. Kinachostahili kupimwa mwanzo ni rejeta. Ile ya feni mbili za milimita 120 hukaribia urefu wa milimita 280, na ikishafungwa feni, unene wake huzidi milimita 50. Kasha la NR200 la Cooler Master, lililotoka mwaka 2020, lina ujazo wa takriban lita 18 tu, ila huipokea rejeta hiyo ubavuni.

Maji nayo hayalimezi joto. Kilo moja ya maji hubeba joto takriban mara nne ya kilo ya hewa, kisha sharti lipate mlango wa kutokea. Pampu isikae juu ya rejeta, kwani hewa iliyomo mfumoni hupanda, ikanaswa humo na kuichakaza.

Mwanafunzi aliyeihifadhi tasnifu yake yote humo azingatie kuwa mpira ukivuja, kazi ya miaka yaweza kupotea. Nakala na iwekwe kwingine kabla ya swichi kuwashwa.